Mdogo wangu anataka Shopify, fundi anataka tuanze upya: nimsikilize nani?

Kaka Mshauri, habari za kazi.

Nina duka la vifaa vya keki Kariakoo. Nauza trei, nozo, rangi, fondanti, bodi na maboksi ya keki, pamoja na mashine za kukorogea. Nilianzia nyumbani Tabata nikipika keki za oda, na wakati huo nikawa naandika mapishi kwenye tovuti niliyotengenezewa kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti. Duka limekuja baadaye. Mpaka leo mapishi ndiyo yananiletea watu: mtu anatafuta Google jinsi ya kupika keki ya nazi, anaangukia kwangu, kisha ananiandikia WhatsApp, "Dada, hiyo trei ya inchi nane unayo?"

Shida inaanzia hapo. Oda zote zinapita WhatsApp na Instagram, na kichwa changu ndicho daftari. Mwezi uliopita dada mmoja wa Dodoma alilipia mashine ya kukorogea, 380,000. Nikamwahidi kesho inapanda basi. Asubuhi nafika dukani, binti anayenisaidia ameshaiuza jana yake jioni kwa mteja aliyekuja mwenyewe, na ilikuwa ya mwisho. Hela nilirudisha, lakini yule dada aliniandika vibaya chini ya posti yangu na watu wakasoma. Juzi tena, kijana kaja na skrinishoti ya muamala, binti akampa mzigo wa 85,000. Meseji ilikuwa ya kutengeneza.

Nimeamua nifungue duka la mtandaoni, ila kila mtu ana lake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye tunashirikiana naye biashara, anasema Shopify, ile huduma ya kukodi duka la mtandaoni, na hataki kusikia kingine, eti wikiendi moja tu tunaanza kuuza. Fundi niliyemwita anasema Shopify ni kupanga nyumba ya mtu maisha yako yote. Yeye anataka kuandika mfumo mpya kuanzia sifuri, na aplikesheni ya simu juu yake, milioni sita, nusu mwanzoni. Tovuti ya mapishi anasema ibaki kama ilivyo, duka likae pembeni, halafu aviunganishe kwa API, yaani njia ya mifumo miwili kupeana taarifa. Mume wangu naye kaongea na rafiki yake wa benki, kaambiwa makampuni makubwa yanatumia Magento, programu nyingine ya maduka ya mtandaoni.

Nina bidhaa kama 700. Nani yuko sahihi? Na je, niwaambie wateja waachane na WhatsApp?

Mama Keki, Tabata

JIBU

Mama Keki, salama dada yangu, na pole kwa zile 85,000.

Nianze na jibu ili usisome kwa wasiwasi: baki na WordPress yako, weka juu yake WooCommerce, programu inayoongeza duka kwenye WordPress, mapishi na duka vikae kwenye tovuti moja. Fundi mwambie asante, milioni sita hutoi. Sasa nikueleze kwa nini, maana mdogo wako hatakubali kirahisi, na ana hoja.

Ila kwanza turudi kwenye ile mashine ya Dodoma. Katika yote uliyoshauriwa, hakuna hata moja ambalo lingeizuia. Ungekuwa na Shopify siku ile, tovuti ingeendelea kuonyesha kwamba mashine ipo, kwa sababu binti aliuza kaunta na hakuna aliyeiambia tovuti. Magento nayo ingekuwa hivyo hivyo. Mfumo wa fundi, sijui, kwa sababu haujaandikwa, lakini simsikii popote akiuliza kaunta itauzaje. Swali la kwanza kabla ya jina lolote la programu ni hili: hesabu ya stoku itaandikwa wapi, mahali pamoja, na kila anayeuza aiguse hiyo hiyo? Ukishalijibu, kuchagua programu kunakuwa rahisi.

Kwako naona hesabu ikae ndani ya WooCommerce. Ina programu yake ya simu, ya Android na ya iPhone. Binti akiuza trei kaunta, anafungua simu ya duka, anaandika oda na kuiweka kuwa imelipwa, stoku inapungua, na tovuti inajua palepale. Kuna pia plagini, yaani programu za nyongeza, za kuuzia kaunta zenye kusoma misimbo ya bidhaa, lakini usizinunue sasa. Anza na simu. Kila bidhaa ipe namba yake fupi, kwa mfano TR08 kwa trei ya inchi nane, na uibandike kwenye rafu, ili binti asitafute kwa jina mteja akiwa amesimama mbele yake. Halafu kwenye mipangilio ya stoku kuna kiwango ambacho bidhaa ikikifikia, tovuti inaihesabu kuwa imekwisha. Kiwango hicho ni kimoja kwa duka zima; kiweke kuwa 1. Ya mwisho ya kila bidhaa inabaki ya kaunta, na mtu wa Dodoma hawezi kuinunua. Utapoteza mauzo mawili matatu ya mtandaoni kwa njia hiyo. Ni afadhali kuliko kurudisha hela.

Sasa Shopify. Mdogo wako asidharauliwe. Ukiwa Shopify huhangaiki na seva, masasisho wala ulinzi, yote yako juu yao, na ni kweli duka linaweza kusimama ndani ya wikiendi moja. Kama ungekuwa unaanza leo bila pishi hata moja na bila mtu wa kukuangalizia tovuti, ningekuambia nenda huko. Lakini hali yako ni nyingine. Ada yake ni ya dola, ya kila mwezi, uuze usiuze, na unahitaji kadi ya kulipia. Kubwa zaidi ni malipo: huduma yao wenyewe ya kupokea malipo, Shopify Payments, haifanyi kazi Tanzania. Kwa hiyo lazima utumie kampuni nyingine ya malipo, ambayo ina makato yake, na Shopify nao wanakukata juu yake kwa sababu hukutumia ya kwao. Kwenye kifurushi cha Basic ni asilimia 2. Kwa mashine ya 380,000 hiyo ni 7,600 inayoondoka kabla kampuni ya malipo haijakata chake. Kwenye vifaa vya keki, ambako nozo moja faida yake ni shilingi mia chache, asilimia hiyo utaisikia.

Halafu kuna mapishi. Shopify ina sehemu ya makala, lakini ni ya kawaida sana, na kuhamisha mapishi yako yote maana yake ni kubadilisha anwani ya kila ukurasa. Google imezoea anwani za zamani. Zisipoelekezwa vizuri kwenda kwenye mpya, yule anayetafuta keki ya nazi atakuta ukurasa haupo, na atakwenda kwa mwingine. Unataka kuhatarisha kitu pekee kinachokuletea wateja bure?

Hebu ona ukurasa wako wenyewe utakavyokuwa ukiwa kwenye WooCommerce. Mtu kafungua pishi la keki ya nazi. Anasoma: unga, nazi iliyokunwa, mayai. Chini ya vipimo anakuta trei ya inchi nane, picha, bei, "zimebaki 6", na kitufe cha kuweka kapuni. Anaweka, anaendelea kusoma mpaka kwenye mapambo, anakuta nozo ya maua, anaweka. Hajatoka kwenye pishi na hajakuandikia "unayo?" saa nne usiku. Hiyo inafanyika kwa kipande kifupi cha WooCommerce unachokichomeka katikati ya makala, bila API yoyote, kwa sababu makala na bidhaa viko kwenye hifadhidata moja. Fundi akivitenganisha, kila kitu kati ya hivyo viwili kitahitaji daraja: bei, picha, stoku, hata kapu lenyewe. Kampuni kubwa zenye mafundi wa mshahara hufanya hivyo na zina sababu zake. Wewe daraja likikatika Ijumaa jioni utampigia nani?

Hapo ndipo mfumo wa kuandikwa kuanzia sifuri unaponitisha. Simjui fundi wako, huenda ni hodari. Lakini anayeujua mfumo huo ni yeye peke yake. Akipata ajira Dodoma, au mkikorofishana, unabaki na kitu ambacho fundi mwingine akikifungua atakuambia jambo lile lile: tuanze upya. WooCommerce ipo tangu 2011, WordPress tangu 2003, zote ni bure kutumia na msimbo wake uko wazi, na hapa Dar wanaozijua wapo wengi. Ukigombana na mmoja, unamwita mwingine. Na hiyo aplikesheni ya simu achana nayo. Hakuna mtu atakayetumia bando lake kupakua aplikesheni ili anunue boksi la keki mara moja kwa mwezi.

Magento aliyoambiwa shemeji yangu na rafiki yake wa benki ni programu ya kweli na yenye nguvu, Adobe waliinunua 2018. Inataka seva nzito na wataalamu wake. Wewe bado hujafika huko.

Ila bure ya WooCommerce nayo ina gharama zake, usije ukanilaumu. Utalipia domeni (jina la tovuti), hosti (kampuni inayokukodisha seva ya kuiweka tovuti), pengine muonekano, na mtu wa kusasisha kila mwezi. Hosti usichukue ya bei ya chini kabisa. Tovuti ya kusomwa tu inavumilia seva dhaifu, duka halivumilii, kwa sababu kila kapu linaundwa upya kwa kila mteja. Na mtu wa hosti akikuwekea kashe, yaani nakala za kurasa zilizoandaliwa tayari ili tovuti iwe na kasi, hakikisha kurasa za kapu, za kulipia na za akaunti ya mteja haziingii kwenye kashe. Nimeona duka ambalo mteja anafungua kapu anakuta vitu vya mtu mwingine. Chanzo chake kilikuwa hicho tu. Picha nazo zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa. Picha inayotoka kwenye simu mpya ina megabaiti kadhaa, na mteja wako wa Mbagala anahesabu bando.

Tuje kwenye hela, na hapa usiharakishe. Unahitaji kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu, inayopokea M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa na kadi kwa mkataba mmoja. Zipo kama Selcom, Pesapal, DPO na ClickPesa. Usichague kwa makato peke yake. Uliza mambo mawili: wana plagini ya WooCommerce ambayo bado inasasishwa? Na pesa inafika kwenye akaunti yako baada ya siku ngapi? Watataka usajili wa BRELA, TIN na leseni ya biashara, kwa hiyo ziandae mapema, maana hatua hii huchelewesha duka kuliko utengenezaji wenyewe.

Kazi ya plagini ni hii: mteja akibonyeza kulipa, simu yake inamuuliza namba ya siri. Akishaweka, kampuni ya malipo inaitumia tovuti taarifa, na oda inahama yenyewe kutoka "inasubiri malipo" kwenda "inashughulikiwa". Binti anafungasha oda zilizohama, basi. Skrinishoti haina nafasi. Wale wanaolipa lipa namba wakiwa dukani, binti aangalie simu ya duka kama pesa imeingia, asiangalie kabisa simu ya mteja. Ukiondoka na laini ya duka kwenda nayo nyumbani, binti atabaki kuamini meseji za wateja, na hilo si kosa lake.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, weka bidhaa ya majaribio ya shilingi 1,000 na uinunue mwenyewe kwa kila mtandao. Kisha jaribu vibaya: kosea namba ya siri, zima simu katikati, lipa ukiwa huna salio. Oda isiyolipwa lazima ibaki "inasubiri malipo" au iandikwe kuwa imeshindikana, na isipelekwe. WooCommerce hushikilia stoku ya oda inayosubiri malipo kwa dakika 60 ndipo inaifuta, na unaweza kubadilisha muda huo. Usiufanye dakika tano, kwa sababu wapo wanaokimbilia kwanza kwa wakala kuweka hela. Lakini kama bidhaa ni chache, nusu saa inatosha.

Usafiri unawashinda wengi kwa sababu wanaacha mipangilio ya kizungu inayotegemea msimbo wa posta. Mteja wa Mbezi Beach haujui wake. Mikoa iweke kama kanda: nje ya Dar, mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, bei moja kwa boksi dogo na nyingine kwa mashine. Kwa Dar, andika chaguo kwa majina wanayoyajua watu: kuchukua dukani Kariakoo bure, bodaboda Ilala na Kinondoni, bodaboda Kigamboni. Halafu pale kwenye anwani ongeza nafasi ya kuandika alama ya karibu, yaani shule, msikiti au kituo cha daladala. Dereva wa boda atakushukuru.

Mauzo ya mtandaoni nayo ni mauzo. Risiti ya EFD inatolewa kama kaunta, na iwe imewekwa ndani ya mzigo kabla haujafungwa. Na kwa kuwa utakuwa unatunza majina, namba na anwani za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Jisajili kwenye Tume yake, na usiwape fundi na marafiki zake orodha ya wateja wako.

Umiliki sasa. Ingia leo uangalie domeni yako imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni la yule aliyekutengenezea zamani, ihamishe kwako kabla hujamgusa fundi mpya. Akaunti ya hosti, ya malipo na ya msimamizi mkuu wa WordPress ziwe kwa barua pepe ya biashara yako, fundi apewe akaunti yake ambayo unaweza kuifunga. Nakala ya akiba ya kila siku, iliyohifadhiwa nje ya hosti, na siku moja mwombe airudishe kwenye seva ya majaribio wewe ukiangalia. Duka lijengwe kwanza huko huko kwenye majaribio, lisijengwe juu ya mapishi ambayo watu wanayasoma. Na kwenye mkataba iandikwe wazi kwamba anwani za mapishi hazibadiliki.

Malipo yake mgawanyie kwa hatua: robo akianza, robo duka likionekana kwenye majaribio, robo malipo ya simu yakipita majaribio yote niliyotaja, na ya mwisho baada ya wiki chache za kuuza kweli. Anayekataa kabisa mpango huo, mwache aende.

Bidhaa 700 usizipandishe zote. Chukua 60 zinazotajwa kwenye mapishi yako yanayosomwa sana, hesabu stoku yake kwa mkono Jumapili duka likiwa limefungwa, anza nazo. Nyingine zitapanda kwa mafungu kupitia faili la jedwali, WooCommerce inalipokea bila plagini ya ziada. Kazi hiyo mpe mdogo wako, pamoja na picha. Mtu aliyetaka kusimamisha duka wikiendi moja ana nguvu ya kuandaa jedwali.

WhatsApp usiiache, wala usiwafukuze wateja huko. Anayekuandikia "dada, trei ya inchi nane" mjibu kama kawaida, kisha ukiwa umeshika simu hiyo hiyo muandikie oda kwenye programu ya WooCommerce na umtumie kiungo cha kulipia. Kwake bado anaongea na Mama Keki. Kwako, akishalipa tu trei inatoka kwenye hesabu, na binti akifungua simu ya duka asubuhi anaiona oda imelipwa, na jina la basi limeandikwa.